Jua la kokoto na baridi ya dagaa: ule nini, lini, na kiasi gani

Mwanza kuna watu wawili wanaolalamikia chakula kwa namna inayopingana. Mponda kokoto wa Buhongwa anasema mchana ugali haupiti kooni. Mvuvi wa dagaa wa Igombe anasema usiku hakuna kinachomtosha. Wote wanatumia misuli, wote wamekulia ugali na samaki, na pengine wanatoka familia moja. Kinachowatofautisha ni hewa wanayofanyia kazi.

Msimamo wangu nausema mapema ili usiutafute mbele. Joto huondoa hamu ya kula haraka kuliko linavyopunguza mahitaji ya mwili. Baridi ya ziwani nayo huongeza hamu kuliko inavyoongeza mahitaji. Anayefuata njaa peke yake basi, juani atakula pungufu, na usiku atajikuta ameongeza chapati na sukari ambazo kazi haikuzidai. Ndiyo maana hapa nalinganisha namna za kula zilizopo mtaani, si kwa utamu wake, bali kwa mtu gani, saa ngapi na anafanya kazi gani.

Baridi yetu ni baridi ya namna gani

Tuanze kwa haki: Mwanza haina baridi ya Makete. Jiji liko kama mita 1,140 juu ya usawa wa bahari, na ikweta haiko mbali. Mchana joto huzunguka nyuzi 27 hadi 30 karibu mwaka mzima, Septemba na Oktoba ndipo linapokera zaidi. Usiku wa Juni hadi Agosti huweza kushuka hadi nyuzi 16 au pungufu kidogo. Mtu wa Njombe akisikia hivyo atacheka.

Lakini kipimajoto hakivai shati lililolowa. Mtu aliyekaa bila nguo na bila kazi hutulia kwenye hewa ya nyuzi 28 hadi 30 hivi, bila jasho wala kutetemeka. Chini ya hapo mwili huanza kubana mishipa ya ngozi ili usipoteze joto. Sasa mchukue huyo mtu, umlowanishe kwa maji ya wavu, umweke kwenye upepo wa usiku unaotoka nchi kavu kuelekea ziwani. Maji huondoa joto mwilini kwa kasi ya kama mara 25 kuliko hewa tulivu. Wavuvi wanalijua hili kwa mikono yao: ukitumbukiza mkono ziwani alfajiri maji unayaona vuguvugu, kwa kuwa huwa nyuzi 24 na zaidi. Baridi inaanza unapoutoa.

Upande wa kokoto mambo yamegeuka. Kipimajoto cha kivulini kinasema 29, ila mponda kokoto hayuko kivulini. Jabali alilokalia limekunywa jua tangu asubuhi na sasa linalirudisha, anapigwa na joto juu na chini. Turubai alilotundika juu ya vijiti viwili linazuia la juu tu.

Jua linavyofunga tumbo

Misuli ni jiko linalopoteza moto mwingi. Katika nguvu yote inayochomwa, robo au pungufu ndiyo inayoinua nyundo, iliyobaki inakuwa joto ambalo mwili lazima ulitoe. Kisha kuna joto la pili ambalo wengi hawalihesabu: la kusaga chakula chenyewe. Protini hutumia asilimia 20 hadi 30 ya nguvu yake katika kusagwa na kupangwa mwilini, wanga asilimia 5 hadi 10, mafuta haizidi 3 hivi. Sahani ya nyama nyingi saa saba mchana ni kama kuongeza kuni kwenye jiko ambalo tayari unalipepea lipoe. Mwaka 1948 John Brobeck, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, alilieleza jambo hili kwa maneno machache baada ya kufuatilia ulaji wa panya katika vyumba vya joto tofauti: wanyama hula ili wapate joto, na huacha kula ili joto lisiwazidi.

Damu nayo ina kazi mbili kwa wakati mmoja. Juani hukimbilia kwenye ngozi ikapoe, na tumbo hupata kidogo kuliko kawaida yake. Ukiongeza upungufu wa maji, mdomo unakauka, na ugali mkavu unakuwa mzigo. Mwanamume wa kilo 60 akipoteza lita moja na robo ya jasho bila kuirudisha, tayari amefika asilimia 2 ya uzito wake, kiwango ambacho nguvu ya kazi huanza kushuka. Kwenye kazi ngumu ya juani lita moja huweza kutoka ndani ya saa moja.

Je, hamu ikishuka na mahitaji yameshuka? Hapa ndipo watu wanapokosea hesabu. Mwaka 1947 watafiti wawili, Robert Johnson na Robert Kark, walichapisha takwimu za wanajeshi walioruhusiwa kula watakavyo katika kambi za hali ya hewa tofauti. Jangwani, kwenye nyuzi kama 33, walikula wastani wa kilokalori 3,100 hivi kwa siku. Kwenye barafu ya kaskazini, nyuzi 34 chini ya sifuri, walikula karibu 4,900. Watu huitaja tofauti hiyo kama ushahidi kwamba mwili wa joto hauhitaji chakula. Sehemu kubwa ya tofauti, hata hivyo, ni uzito wa makoti na buti, na taabu ya kutembea kwenye theluji. Mponda kokoto hana koti la kuvua. Nyundo yake ina uzito uleule Januari na Julai.

Kwa mahesabu ya kawaida ya lishe, mwanamume kijana wa kilo 60 hutumia kama kilokalori 1,600 kwa siku akiwa amelala tu. Akifanya kazi nzito, zidisha mara mbili hadi 2.4: unapata 3,200 hadi 3,800. Jua halimpi punguzo katika hesabu hiyo.

Ziwani njaa inatoka wapi

Baridi kali ya kutetemeka inaweza kupandisha matumizi ya nguvu hadi mara tano hivi ya mtu aliyetulia. Ila mvuvi anayevuta wavu hatetemeki, misuli yake inampasha. Anatetemeka pale kati, taa ziko majini, dagaa wanakusanyika, na yeye amekaa ameloa akisubiri.

Kuna jaribio moja linalomhusu karibu moja kwa moja. Watafiti wa Florida, mwaka 2005, waliwapandisha wanaume baiskeli ya mazoezi ndani ya maji kwa dakika 45, mara moja kwenye maji ya nyuzi 33, mara nyingine kwenye maji ya nyuzi 20. Nguvu iliyotumika ilikuwa karibu ileile. Kisha wakawekewa chakula wale wapendavyo. Baada ya maji ya baridi walikula asilimia 44 zaidi. Hawakuwa wamefanya kazi zaidi kwa asilimia 44. Ngozi ilipoa, hamu ikapanda, basi.

Sasa weka juu yake saa. Mwili una saa yake ya njaa, hata usipoitazama ya mkononi. Mwaka 2013 watafiti wa Boston waliwafungia watu wachache kwenye vyumba visivyo na mchana wala usiku, wakagundua kwamba njaa ya ndani hufika kileleni karibu saa mbili usiku na hushuka kabisa karibu saa mbili asubuhi. Yaani mvuvi anaondoka mwaloni, ufukweni mitumbwi inakoegeshwa, njaa ikiwa inapanda, na anarudi na dagaa wake saa ambayo tumbo halidai kitu. Ukosefu wa usingizi unaongeza lake: homoni ya kuamsha njaa hupanda, ya kushibisha hushuka, na kinachotamaniwa mara nyingi ni kitamu au cha mafuta.

Halafu baridi inadanganya kiu. Damu ikibanwa kutoka kwenye ngozi kwenda katikati ya mwili, ubongo hudhani maji ni mengi, kiu inapungua na mkojo unaongezeka. Mvuvi anarudi amepungukiwa maji bila kuhisi, akifika nchi kavu anadhani ni njaa.

Mponda kokoto: njia tatu za kugawa siku

Ya kwanza ndiyo ya wengi: chai ya rangi na maandazi mawili asubuhi, ugali mkubwa saa saba, usiku kilichopo. Tatizo ni kwamba mzigo wote wa siku umewekwa kwenye saa mbovu kuliko zote. Simama karibu na jiko la mama lishe wakati huo uone. Kijana anafika, shati limeganda mgongoni na mchoro mweupe wa chumvi, anaitazama sahani kabla haijajaa.

"Mama, leo nipe nusu. Mboga nyingi, na mchuzi."

"Nusu? Ukianguka na nyundo huko juu wataniuliza mimi, mwanangu."

Anakula nusu, hata hiyo haiishi, anamalizia na soda ya baridi. Kwa hesabu: ugali wa robo kilo ya unga ni kama kilokalori 900, nusu yake 450. Soda ya mililita 350 inarudisha kama 150, sukari tupu. Anapungukiwa 300 kwa siku, na kwa siku sita za kazi ni 1,800, zaidi ya zile 1,600 za siku nzima ya kulala tu. Mwezi mmoja hatauona. Msimu mzima wa kiangazi mkanda wa suruali utauona.

Njia ya pili ni ya wanaojiita wagumu: hakuna kula mchana, ni maji na soda, halafu jioni ugali wa kufa mtu. Ina ubaya mmoja zaidi ya ule wa kwanza. Saa tisa hadi kumi jioni, mtu amechoka, hana nguvu akibani, na mkono wa kushoto ndio ulioshika jiwe linalopigwa. Siipendi hata kidogo.

Ya tatu ndiyo nitakayokuchagulia: chakula kikubwa kabla jua halijawaka na baada ya kuzama, katikati vidogo vyenye maji. Saa kumi na mbili asubuhi kiporo (si cha wali) kilichopashwa moto hadi kichemke, au viazi vitamu na maharage, au uji mzito wa ulezi uliotiwa karanga zilizosagwa. Karanga ndizo nguzo hapa. Gramu 80, viganja viwili vilivyojaa, ni kama kilokalori 450, sawasawa na nusu sahani ya ugali iliyomshinda mchana, na kwa kuwa nguvu yake nyingi ni mafuta, haziongezi joto kubwa la usagaji. Saa nne, chungwa au kipande cha tikiti. Saa saba, bakuli la samaki wa mchuzi na ugali kidogo, au maziwa ya mgando na viazi. Jioni, hewa ikishapoa, hamu inarudi yenyewe: hapo ndipo mahali pa dagaa wengi, nyama kama ipo, na ugali wa kushiba.

Kikwazo ni hela, najua. Sahani ya mama lishe ina bei moja ule usile, na asubuhi saa kumi na mbili wengi hawajapata ya jana. Ushauri wangu ni kuongea naye. Mama lishe wengi watakubali kukuuzia nusu mchana na nusu jioni kwa bei ya sahani moja ikiwa wewe ni mteja wa kila siku, mradi ile ya jioni aipike upya. Chakula kilichopikwa hakifai kukaa kwenye hewa yetu ya mchana zaidi ya saa mbili, na wali ni mbaya kuliko ugali, kwa sababu una bakteria ambao sumu yao haifi hata ukiupasha.

Mvuvi: kabla, katikati au baada

Kwa mvuvi swali si namna ya kulazimisha chakula kipite. Kinapita. Swali ni kipitie saa gani.

Kula sana kabla ya kutoka kunasifiwa na wazee wa mwalo, na wana sababu. Ugali wa udaga, yaani wa muhogo, na sato saa kumi jioni humshikilia mtu hadi katikati ya usiku, na joto lile la kusaga chakula, ambalo kwa mponda kokoto lilikuwa adui, huku ni blanketi la ndani. Protini ya jioni kwa mvuvi ni akiba ya joto. Kasoro yake ni mawimbi. Tumbo lililojaa hadi shingoni likikutana na chombo kinachoyumba linarudisha, na aliyetapika saa mbili usiku anaikabili baridi ya saa tisa akiwa mtupu.

Kula baada ya kurudi ndiko kunakofanywa na vijana wengi. Dagaa wameshauzwa, kuna hela mkononi, mwalo mzima unanukia supu na chapati. Hapo watu hula hadi pumzi iwakate, kisha wanalala saa hiyohiyo. Kiungulia kinaanzia hapo. Kwa kuwa saa ya ndani inasema asubuhi si wakati wa njaa, mara nyingi kinachokulwa ni fidia ya baridi na uchovu, na ya kiu aliyokuja nayo bila kujua. Nusu lita ya maji ya vuguvugu kwanza, halafu subiri robo saa. Utashangaa sahani inavyopungua yenyewe.

Katikati ya usiku ndipo pasipopangwa, na kwangu ndipo penye faida. Saa saba au nane, wakati wa kusubiri, mtu ameloa na hana la kufanya. Anahitaji kitu kisichohitaji moto, kisichoharibika, kinachoshikika kwa vidole vilivyokakamaa. Wasukuma walikitengeneza zamani: michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, na matobolwa, vilivyochemshwa kwanza ndipo vikakaushwa. Matobolwa yanatafunika hivyohivyo. Michembe ipikwe nyumbani na karanga, ibebwe kwenye kopo lenye mfuniko. Wanga wake unapatia misuli nguvu ya kuvuta wavu wa mwisho, karanga zinakaa tumboni hadi alfajiri. Biskuti za dukani nazo zinashikika, lakini zikishaloa maji ya ziwa hazina jina.

Mgawo nitakaouchagua kwa mvuvi: nusu ya chakula cha siku kabla ya kutoka, saa moja na nusu au mbili kabla ya chombo kushuka majini ili tumbo litulie; robo usiku; robo asubuhi, nyepesi, halafu usingizi.

Na yule wa tatu, asiyehesabiwa

Kuna mtu anayeipata baridi yote ya mvuvi bila wavu wa kuvuta: mlinzi wa usiku pale Mwaloni Kirumba au kwenye ghala la mabondo ya samaki, dereva wa bodaboda anayesubiri abiria wa alfajiri, mchuuzi anayekaa juu ya ndoo akingoja mitumbwi. Hawa hamu yao ya usiku ni ileile, lakini matumizi yao hayafiki mbali na 2,500 kwa siku. Ndio wanaonenepa kwa chai. Vikombe vinne vya chai, kila kimoja vijiko vitatu vya sukari, vinakaribia kilokalori 200, kabla ya chapati. Kwa mlinzi koti kavu lina kazi kuliko sahani ya pili. Avae kofia na soksi, anywe supu ya samaki badala ya chai ya nne, na kama lazima atafune, atafune mahindi ya kuchoma.

Vyakula vilevile, juani na ziwani

| Chakula | Juani mchana | Ziwani usiku |
|---|---|---|
| Ugali wa udaga | Kidogo na mchuzi. Kikubwa kiwe jioni | Kizuri kabla ya kutoka |
| Uji wa ulezi na karanga | Bora asubuhi | Mzuri kwenye chupa ya chai |
| Michembe, matobolwa | Vinahitaji maji mengi pembeni | Bora kuliko vyote katikati ya usiku |
| Supu ya samaki yenye chumvi | Bakuli dogo, inarudisha chumvi ya jasho | Nzuri wakati wowote, hasa kwa mlinzi |
| Nyama choma nyingi | Isubiri jioni | Kabla ya kutoka, kwa kiasi |
| Maziwa ya mgando | Mazuri, yakae kivulini | Hayapashi joto, acha |
| Dagaa wakavu | Jioni | Kabla ya kutoka |
| Tikiti, machungwa, matango | Kila baada ya saa chache | Asubuhi ukirudi |

Dagaa nimewapa mstari wao kwa sababu watu wanawadharau wakiwa nao mlangoni. Wakikaushwa vizuri, zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini. Kwa familia inayolinganisha bei, hakuna nyama ya buchani itakayowafikia.

Kikombe mkononi

Kuna mabishano ya kijiweni yasiyoisha: juani ni chai ya moto au maji ya baridi? Wote wana hoja. Mwaka 2012 watafiti wa Ottawa, Kanada, walionyesha kwamba kinywaji cha moto huongeza jasho kiasi kwamba mwili hubaki na joto pungufu, kwa sharti moja tu: jasho lote likauke juu ya ngozi. Lita moja ya jasho ikikauka huondoa karibu kilokalori 580 za joto. Ikidondoka chini, haikuondoa kitu. Kwa hiyo mponda kokoto mwenye upepo wa ziwa kifuani anaweza kunywa chai yake kwa amani. Aliye ndani ya karakana ya mabati, au anayepanga viroba ndani ya kontena, jasho linamchuruzika tu, huyo achague maji. Maji ya mtungini, si lazima barafu. Watu hunywa mengi zaidi yakiwa yamepoa, na wingi ndio unaotafutwa.

Kwa kazi inayozidi saa mbili juani, maji matupu hayatoshi. Lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi, kipimo kilekile cha kumpa mwenye kuharisha nyumbani, kinafanya kazi kwa bei ndogo kuliko vinywaji vya kopo vya kuchangamsha. Hivyo vya kopo vina kafeini na sukari nyingi. Kwa mtu aliyekosa kifungua kinywa vinaficha njaa kwa saa moja kisha vinamwangusha.

Usiku ziwani jina la adui ni pombe kali. Vile vifuko vidogo vilipigwa marufuku nchini Machi 2017, ila kinywaji chenyewe hakikuondoka mwaloni. Inapashaje joto? Inafungua mishipa ya ngozi, ngozi inahisi moto, na joto la ndani linatoka nje kwa upepo. Mtu anahisi amepona baridi wakati ndiyo kwanza inamwingia, na yuko ukingoni mwa mtumbwi. Tangawizi nayo inachoma koo tu bila kupandisha joto la mwili kwa kiasi cha kujivunia, lakini walau haikutupi majini.

Watoto kwenye kokoto, wazee nyumbani

Wapondaji wengi ni kina mama, na mtoto yuko pale chini ya turubai. Chini ya miezi sita hahitaji maji hata siku iwe ya moto namna gani. Maziwa ya mama yana maji ya kumtosha, na Shirika la Afya Duniani linashauri hivyo kwa nchi za joto pia. Anahitaji kunyonya mara nyingi zaidi. Anayehitaji maji ni mama, pamoja na kama kilokalori 500 za ziada kwa siku, na huyu ndiye ambaye jua limemfungia tumbo. Mimi ningemtanguliza katika kila sahani ya asubuhi. Mtoto mkubwa kidogo anayekataa chakula mchana apewe kidogokidogo, uji wa baridi na ndizi, bila ugomvi, ila akikataa na vinywaji na mkojo ukapungua, hiyo si hamu tena, ni zahanati.

Mzee hali mbili zote humkwepa: hahisi kiu vizuri juani, na hahisi baridi mapema usiku. Kwake usingoje aombe. Kikombe kiwe na saa yake.

Wiki ya mbalamwezi

Mwezi ukijaa taa za dagaa hazina kazi, mitumbwi inakaa mchangani siku kadhaa, na vijana wa Igombe wanaingia mjini kutafuta vibarua vya zege. Hapa ulinganisho wote unakutana ndani ya mwili mmoja. Anakuja na ratiba ya ziwani: shibe kubwa ya jioni, asubuhi hana njaa, anaanza kubeba ndoo akiwa na chai tu. Mwili huhitaji wiki moja hadi mbili kuzoea kazi ya juani, kujifunza kutoa jasho mapema na kubana chumvi, na kabla hajafika huko mwezi umepungua, anarudi majini.

Kwake nachagua hivi. Siku mbili za kwanza aombe kazi ya kivulini au aanze saa kumi na mbili na kuacha saa sita, hata kama ujira utapungua. Asubuhi ajilazimishe uji wa karanga hata vikombe viwili tu, kwa kuwa saa yake ya njaa bado iko ziwani. Kama kuna mizani ya kupimia dagaa karibu, apande kabla ya kazi na baada: kila kilo iliyopungua ni kama lita moja ya maji anayodaiwa, anywe hiyo na zaidi kidogo kabla ya kugusa ugali wa jioni. Akishakojoa mkojo wa rangi ya njano hafifu, sufuria ifunuliwe.